Mwongozo Wenu Tunauomba Uje na Miguu

Kikundi cha Wafuga Nyuki,
Ugalla, Katavi.

Ndugu Meneja wa Miongozo,

YAH: MUUNDO WA MWONGOZO WA PROGRAMU YA MIZINGA

Tunawashukuru kwa programu ya kuorodhesha mizinga mliyotuwekea kwenye simu ya kikundi. Mmetuandikia tuchague mwongozo wake uwe wa muundo gani wa kielektroniki: PDF, tovuti au video. Mimi Zefania, katibu kwa miaka kumi na moja, nimejaribu yote mitatu kwa moyo mweupe na nina malalamiko. Jumamosi tuna mkutano wa mwaka. Kama mizinga haitakuwa ndani ya simu siku hiyo, Ndugu Machibya atagombea ukatibu kwa ahadi ya kurudisha daftari, na mimi, nisiwafiche, ukatibu ninaupenda.

1. PDF. Ilifika salama tangu mwezi wa pili. Lakini ukurasa wa kwanza mmeupiga nembo ya kampuni, kubwa, katikati. Huku kila mzinga unachongwa alama ya mwenyewe, na mzinga wenye alama ya mtu haufunguliwi mwenyewe asipokuwepo. Basi tuliutazama ukurasa wa nembo, tukausifu, tukakaa kuwangojea mje mfungue. Miezi mitano sasa, hakuna aliyegusa cha mtu. Nadhani mtatupongeza kwa hilo.

2. Tovuti. Kambini mtandao unapatikana mahali pamoja tu, juu ya mti wa mninga alikotundika mzinga Ndugu Makoye. Mjumbe wetu Elia alipanda na simu, akatusomea aya mbili vizuri, sisi chini tukiandika. Ya tatu nyuki hawakumruhusu. Alishuka upesi kuliko alivyopanda, na zile aya mbili zilikuwa za kutukaribisha.

3. Video. Dada anayefundisha amevaa kitenge kizuri mno. Tumeitazama mara nne. Mwenyekiti wetu, Mama Hilaria, anaomba kujua kinauzwa duka gani. Kitufe alichobonyeza yule dada hakuna aliyekiona.

4. Kwa hiyo naomba muundo wa sauti. Sauti haina jalada la kupigwa nembo, na mtu anaisikiliza mikono ikiwa kwenye masega. Iwe ya mtu asiye na haraka. Irudie ikiombwa. Ikumbuke jana tuliishia wapi. Na kwa kuwa kambi zetu ziko mbalimbali, iweze kutembea. Kwa kifupi, Ndugu Meneja, mtuletee Happiness, yule binti yenu aliyetufundisha kuwasha na kuzima programu pale Misunkumilo, tukaelewa wote mpaka leo. Yeye hahitaji chaji, ugali unamtosha. Tutamchongea mzinga wenye alama yake, na hakuna atakayeufungua.

5. Mkikataa, mtakuwa mmemkabidhi Machibya ofisi yangu kwa mkono wenu. Kalamu ya kikundi niliishika kabla mwanangu wa kwanza hajazaliwa. Nitaona aibu sana.

Wote ofisini wafikishieni salamu za Ugalla, pamoja na aliyechora ile nembo. Kwa kweli ana mkono.

Wenu katika nyuki,
Zefania,
Katibu (hadi Jumamosi).

Nyongeza: Barua hii ilichapwa jana na mke wangu Yustina, hapa naandika mwenyewe kwa mkono. Kwao ni Mwamkulu, wakulima wa mpunga, mambo ya alama za mizinga hawayajui. Akitafuta anwani yenu, aliifungua PDF na kuipita nembo bila hata kubisha hodi. Ukurasa wa pili unasema mwongozo huu upo pia kwa sauti, ubonyeze picha ya sikio. Akabonyeza. Ni sauti ya Happiness, haina haraka, na inarudia. Kufika jioni mizinga yote mia mbili na sita ilikuwa ndani ya simu, mimi nikimtajia tu alama. Basi malalamiko yafuteni yote, isipokuwa swali la kitenge. Machibya amekubali kwamba daftari basi tena. Anazunguka kambi zote kumpigia debe Yustina awe katibu, na mimi nimeshaahidi kumpa kura yangu.