Gauni la Kijani Katikati

Jumatatu, 3 Machi

Leo nimeingia vitani. Adui anatabasamu.

Mkamwana wangu, mke wa mwanangu, anakaribia kujifungua. Mjukuu wangu wa kwanza! Ameomba sisi bibi wawili tumshonee mtoto blanketi la viraka, nusu vitambaa vyangu, nusu vya mama yake. Wazo zuri sana. Ndiyo maana sidhani kama ni lake. Lazima limetoka kwa mama yake, mkwe mwenzangu, ambaye moyoni namwita Bi Tabasamu. Mtu anayetabasamu hata akikanyagwa kidole ana lake jambo.

Yeye anakaa mtaa mmoja na watoto. Mimi nakaa mwisho mwingine wa mji. Yeye atamwona mjukuu kila asubuhi. Mimi nitamwona sikukuu na misibani. Niseme ukweli, naogopa. Naogopa mtoto atakua akiniita "yule bibi mwingine". Kwa hiyo kama mimi mwenyewe sitakuwepo, kitambaa changu kiwepo. Tena kionekane!

Nimepeleka gauni langu la kijani lenye maua meupe. Ndilo nililovaa siku natoka hospitali na mwanangu mikononi. Bi Tabasamu kaleta pazia. Pazia! Rangi ya chungwa, limefuliwa mpaka limelegea. Eti lilikuwa chumbani kwa binti yake alipokuwa mchanga. Kila mtu ana hadithi.

Tunashonea kwa Fundi, chumba cha nyuma, cherehani mbili na meza ndefu. Fundi anasema mtindo wetu unaitwa tisa inayopotea. Nikauliza kinapotea nini, na kinapotelea kwa nani. Akasema nitulie, ataeleza hatua kwa hatua. Papo hapo simu ya Bi Tabasamu ikalia, akatoka nje. Nikatoka nami, nikisingizia choo. Nikajibanza ukutani. Alikuwa anazungumzia vitunguu. Nani anatoka nje kuzungumzia vitunguu?

Niliporudi Fundi alishamaliza maelezo. Nikaitikia kwa kichwa kama niliyeelewa yote.

Jumanne, 4 Machi

Nilijua! Nilijua tangu jana!

Kila kiraka kikubwa kina miraba tisa, safu tatu za mitatu. Fundi akasema tupange wenyewe kitambaa gani kikae wapi. Bi Tabasamu akawahi. Akaweka kitambaa cheupe cha Fundi ubavuni, kati ya kona na kona. Akaweka pazia lake katikati. Na gauni langu akalisukuma pembeni, kona zote nne. Kona! Kama mgeni aliyefika harusini bila kadi.

Kisha akanigeukia na lile tabasamu, akasema amenipa mahali pazuri, mkwe, sivyo?

Nikasema asante. Nilipofika nyumbani nikaipigia kelele sufuria. Mahali pazuri! Bwana harusi hukaa katikati. Mfalme hukaa katikati. Kwenye picha ya familia, anayesimama pembeni ndiye anayekatwa kichwa.

Lakini siwezi kudai katikati waziwazi. Nitaonekana mchoyo. Nimewaza, nimepata. Katikati panahitaji mraba mmoja tu, kona zinahitaji minne. Basi nitasema gauni halitoshi. Nimekata gauni mshazari, vipande viwili. Kidogo nitakipeleka. Kikubwa kiko chini ya godoro, nimekilalia.

Jumatano, 5 Machi

Ushindi. Ushindi mtamu, ila una harufu.

Nilifika na kile kipande kidogo na uso wa msiba. Nikasema nondo wamelishambulia gauni, kilichosalia ndicho hiki, hakitoshi kona, labda katikati tu. Mkamwana, aliyekuja kututazama, akasikitika sana. Fundi akakipima kwa tepu, akasema kweli, ni katikati tu.

Bi Tabasamu akasema hapana, mkwe, ungetafuta hata kidogo zaidi, kona ni bora, muulize Fundi. Fundi akafungua mdomo. Nikamkata kauli haraka. Nikasema sitaki kusumbua watu, katikati panatosha, mimi ni mtu wa kuridhika. Akang'ang'ania! Akasema kona zitakuwa heshima yangu, kwamba yeye hajali pazia lake likae wapi. Nikazidi kukataa. Mwishoni akanyanyua mikono, akahamishia pazia kwenye kona zote.

Nilipaswa kufurahi. Lakini mbona amekubali? Ningekuwa mimi nisingekubali mpaka walete polisi. Ukiona kobe kainama, ujue anatunga sheria.

Ijumaa, 7 Machi

Viraka vyote vimeshonwa na kupigwa pasi. Nimetazama mpaka macho yakanitoka machozi. Gauni langu katikati, kila kiraka! Kijani kinang'aa kama macho ya paka. Pazia limejikunyata kwenye kona zake.

Nimepiga picha. Nimemtumia dada yangu, majirani, na kundi lote la ukoo. Chini nikaandika: bibi mzaa baba yuko katikati ya mambo. Shemeji akajibu na vidole gumba vingi. Bi Tabasamu hayumo kwenye kundi letu, ila nimehakikisha picha imemfikia kupitia mtu wa kuaminika kwa kueneza.

Jumamosi, 8 Machi

Siwezi kuandika. Naandika.

Asubuhi Fundi alilaza kiraka cha kwanza mezani. Akaweka rula juu yake. Akachukua mkasi. Nilidhani anapunguza nyuzi. Akakata! Akapasua katikati kabisa, juu mpaka chini, akapita juu ya gauni langu. Nikapiga ukelele mpaka mkamwana akashika tumbo, sote tukadhani ni uchungu wa kuzaa. Kabla sijashika pumzi Fundi akakata tena, kulia kwenda kushoto. Kiraka kimoja kikawa vinne.

Nikauliza nani amemtuma. Akanitazama kwa mshangao. Akasema ndiyo mtindo wenyewe, alitueleza Jumatatu. Unashona tisa, unakata mara mbili kama msalaba, unageuza vipande, unashona upya, na ile tisa haionekani tena. Miraba ya ubavuni inagawanyika nusu kwa nusu. Mraba wa katikati unakatika vipande vinne. Ya kona peke yake ndiyo inayobaki mizima.

Ya kona peke yake.

Gauni langu sasa ni vimraba vidogo kama biskuti za chai, kimoja huku, kimoja kule. Pazia limebaki pana, zima, linatanua kila upande. Mjukuu wangu atajifunika dirisha la Bi Tabasamu.

Yeye akanishika mkono. Akasema ndiyo maana nilikung'ang'aniza kona, mkwe, laiti nondo wasingekula, tungebadilisha hata leo. Mkamwana akauliza kama kweli hakuna hata kipande kilichobaki. Na mimi, ambaye nimelala juu yake siku zote hizi, nikasema hakuna.

Nimerudi nyumbani nimelia. Si kwa hasira tu. Nililia kwa sababu lile gauni lilimbeba mwanangu, nami nimelipeleka mwenyewe likachinjwe.

Jumatatu, 10 Machi

Nimepata njia. Nimekwenda kwa Fundi na kipande kikubwa ndani ya mfuko wa plastiki. Nikasema jamani, miujiza! Nimezunguka soko zima jana, nikakuta muuza mitumba ana kitambaa hichohicho. Ua kwa ua!

Mkamwana akashangilia. Fundi akamwaga mfuko mezani.

Nilisahau jambo moja. Kipande kilikuwa na mkono mmoja wa gauni. Ule mkono wa pili ulikuwa pale mezani, kwenye masalio ya kile kipande cha kwanza. Fundi, mtu asiye na haya, akaviweka pamoja. Vikalingana. Hata vifungo vikaendelea kwa mstari, cha mwisho cha huku kikafuatwa na cha kwanza cha kule. Gauni zima, na matundu yake ya mkasi, likalala mezani likinitazama.

Cherehani ya pili ikasimama. Mkamwana akaanza kucheka, akacheka mpaka akaomba kiti. Nilitamani sakafu ipasuke.

Bi Tabasamu akashika ule mkono wa gauni, akaulainisha kwa kiganja. Akasema bahati iliyoje, mkwe. Basi! Hakuongeza neno. Akavuta kiti, akachukua sindano, akaanza kufumua pazia lake mwenyewe kwenye kona, mshono mmoja baada ya mwingine, ili gauni langu liingie. Akanipa nami sindano. Tulifumua bega kwa bega mpaka jua lilipopungua dirishani. Akaniuliza mwanangu alikuwa mtoto wa namna gani. Nikamwambia alikuwa mlizi, haachi kulia. Akacheka. Kwa kitambo kidogo nikausahau ubaya wake.

Halafu nikashtuka. Mtu mwenye nia njema angeniaibisha, tukagombana, yakaisha. Huyu kaninyamazia! Huko ndiko kukopeshwa; siku moja atadai.

Fundi akauliza pazia lililofumuliwa na lile lililobaki lifanyweje. Nikasema kwa sauti, ili lieleweke, kwamba lisionekane mbele hata uzi mmoja. Walifanye watakalo, mradi mbele ni kijani. Wote wakakubali. Nimetoka pale nikitembea kama mwenye nyumba.

Jumapili, 23 Machi

Mjukuu amezaliwa! Msichana. Ana paji la uso la kwetu, abishe nani.

Leo nimekwenda kwao kumwona. Bi Tabasamu mwenyewe alinifungulia mlango, akaninyang'anya mkoba, akanikalisha kiti kizuri, akaniwekea mtoto mapajani kabla sijaomba. Nikamtazama vizuri. Kwa nini ana haraka ya kunipa?

Blanketi limependeza. Kijani kila kona, kijani katikati, kijani kimetawala. Nikainua upindo ili nimfunike mjukuu vizuri.

Nyuma ni pazia. Pazia lote! Bitana! Vile vipande vilivyofumuliwa vimeunganishwa kwenye kingo, na katikati limekaa pana, bila kukatwa popote, laini kwa kufuliwa miaka na miaka. Na upande wa nyuma ndio unaomgusa mtoto. Gauni langu linatazama dari. Pazia linakumbatia mjukuu.

Nikamuuliza mkamwana hili limetokeaje. Akasema lakini, mama, si wewe uliyesema walifanye watakalo mradi lisionekane mbele? Bi Tabasamu alikuwa mlangoni ameshika sinia la chai. Alitabasamu. Mpango mzima, tangu vile vitunguu!

Nikangoja watoke wote wawili. Nikaligeuza blanketi, kijani ndani, pazia nje. Mtoto akalia. Nikaimba, nikambembeleza, nikambusu paji letu la uso. Akazidi kulia. Nikaligeuza tena, pazia ndani. Akanyamaza papo hapo, akalala.

Hana hata wiki duniani. Tayari wameshamfundisha.