Kalamu Tatu na Filamu ya Ishirini na Mbili

Kalamu Tatu alibeba kalamu tatu kwenye mfuko wa shati, na hakuna hata moja iliyokuwa na wino. Hilo halikumnyima usingizi. Watu hutazama vifuniko.

Mchana mmoja alipita mbele ya ukumbi wa sinema akaona bango la filamu ya ishirini na mbili ya yule jasusi asiyekufa, na foleni iliyozunguka jengo mpaka kwenye duka la kinyozi. Moyo ukamruka kwa furaha. Akakaza tai, akaingia ofisini kwa mwenye ukumbi, mjane aliyeitwa Mama Pazia.

"Shikamoo, mama. Mimi ni mhakiki wa filamu. Hii nimeshaiona, tulionyeshwa waandishi peke yetu. Kesho natoa gazetini uzuri wake na udhaifu wake."

"Marahaba, baba. Umeiona yote?"

"Mpaka majina ya wapishi mwishoni."

"Udhaifu ni mwingi?"

Kalamu Tatu akashusha pumzi kama daktari mwenye majibu mabaya. "Inategemea, mama. Nikipewa bahasha nene, udhaifu huwa nausahau."

Mama Pazia akamtazama shemeji yake, fundi wa mashine. Shemeji akatazama dari. Sasa nikunong'oneze, msomaji, jambo ambalo mgeni wetu hakulijua: filamu haikuwa imefika. Gari lililokuwa likiileta lilikuwa limekufa njiani, na tiketi zote zilishauzwa. Mara ya mwisho onyesho lilipoahirishwa, watu waling'oa viti safu nne pamoja na mlango wa choo. Wangerudia, ukumbi ungegeuzwa ghala la saruji.

"Bahasha ipo," alisema Mama Pazia, sauti tamu kama asali. "Ila kwanza wasalimie watazamaji. Maneno mawili matatu tu."

Kalamu Tatu akapanda jukwaani. Nyuma yake, shemeji akatia ufunguo mlangoni.

"Mabibi na mabwana! Uzuri wa filamu hii: jasusi anaruka kutoka ghorofa ya tisa na suti haipati hata mkunjo. Udhaifu wake: adui anakaa kumweleza mpango mzima badala ya kumpiga risasi. Asanteni!"

Akateremka. Shemeji amesimama, mikono kifuani.

"Mashine haijapata moto, bwana. Endelea."

"Akiruka anaangukia wapi?" kinyozi akapaza sauti kutoka safu ya mbele.

"Anaangukia... juu ya gari la maziwa."

"Dereva nani?"

"Bibi yake! Mzaa mama! Jasusi mstaafu!"

Ukumbi ukalipuka kwa vigelegele, na hapo ndipo Kalamu Tatu alipopotea. Nusu saa baadaye bibi ameshawapiga maadui kumi kwa mkoba. Saa moja baadaye mhakiki wetu anatambaa chini ya viti, yeye ndiye nyambizi. Tai ikawa kamba ya kushukia mlimani, koti likachanika mgongoni.

"Udhaifu!" akapiga kelele kinyozi. "Suti imekunjamana!"

"Kaa chini wewe, bibi yuko hatarini!" wakamfokea wenzake.

Na bibi alipojitosa baharini na bomu mkobani ili kumwokoa mjukuu, shemeji mwenyewe alifuta machozi kwa kitambaa cha kusafishia mashine. Watu wakasimama kupiga makofi, wakaenda zao wakisimuliana. Hakuna aliyeulizia mashine.

"Mama," alisema Kalamu Tatu, sauti imekauka kabisa, "bahasha yangu."

Akapewa. Ilikuwa nene na ngumu, ya kuleta matumaini. Akaifungua alipofika kona ya pili ya barabara: kipande cha boksi, na tiketi ya kesho.

"Filamu imefika jioni hii," Mama Pazia alikuwa ameandika kwenye boksi. "Njoo uione. Mjini umebaki wewe tu hujaiona."

Angekuwa na akili asingekwenda. Lakini kitu cha bure kilikuwa ugonjwa wake, na kesho yake alikuwa kitini kabla ya taa kuzimwa. Jasusi aliruka, adui alieleza mpango wake wote, suti haikukunjamana. Kalamu Tatu akajipongeza: alikuwa amepatia kila kitu.

Majina ya wapishi yalipoanza kupita, kinyozi akasimama.

"Mbona bibi hayumo?"

"Bibi!" ukumbi ukadakia, viti vikianza kulia kwa kutikiswa. "Tunataka bibi!"

Kalamu Tatu akajikunja, akanyata kuelekea mlangoni. Shemeji alikuwa hapo tayari, ufunguo mfukoni, amemshikia tai mpya.