Babu Mmoja kwa Koo Tatu

Clem Tranter hakuwahi kuwa na babu, lakini Jumamosi ile alikuwa nao kumi na wawili wa kuuza.

Wote walikuwa mtu mmoja. Picha yenyewe aliinunua kwenye mnada wa vitu chakavu kule Gympie: askari kasimama mbele ya hema, kofia pana imemfunika uso mpaka puani, kilichobaki ni kidevu na masikio. Moyo ukamruka Clem. Uso usioonekana ni uso wa kila mtu! Akatoa nakala kumi na mbili, akazilowesha kwenye chai ya rangi, akazianika. Kwa nusu saa zikazeeka miaka themanini.

Akatia timu mjini Maryborough, ukumbi wa askari wastaafu, siku ya watu kuonyeshana picha na vifaa vya vita vya wazee wao. Huyu kaja na barua, yule na helmeti, mwingine na kopo la biskuti lililorudi toka vitani New Guinea, na kila apitaye lazima asimuliwe. Clem hakuwa na haja nao. Aliwatafuta waliokuja mikono mitupu, wale ambao kila Aprili, siku ya kuwakumbuka askari wa vita, husimama kando ya barabara wakati wenzao wanaandamana na medali za babu zao kifuani, upande wa kulia. Kiu hiyo aliijua. Alilelewa kituo cha yatima, hata mjomba wa kusingiziwa hakupewa.

"Mama, wewe si wa ukoo wa Pascoe?"

"He! Umejuaje?"

Jina lilikuwa kwenye kibandiko kifuani mwake, lakini Clem hakuwa mtu wa kuharibu mazungumzo.

"Hicho kidevu, mama. Ninacho humu kwenye picha."

Kufika saa sita alikuwa ameshauza babu watatu: kwa Bi Lorna Pascoe, kwa Vern Schultz fundi bomba, na kwa Des Mulcahy wa duka la nyama. Alipanga kutoweka kabla ya chai. Chai ikawahi.

Lorna akaiweka picha yake mezani, kando ya keki za nazi.

"Dada," Vern akasema, "babu yangu umemtoa wapi?"

"Babu yako wapi? Huyu wa kwangu!"

"Acheni uchizi nyote," Des akadakia, akichomoa ya kwake.

Clem akaanza kuusogelea mlango kinyumenyume.

Lorna akazipanga picha zote tatu mezani, akasema polepole, "Mzee alikuwa anasafiri sana."

"Hata wetu!" Vern akashtuka. "Alikuwa anakata manyoya ya kondoo, haonekani miezi sita."

"Mungu wangu," Des akalia, "sisi ndugu!"

Wakakumbatiana, machozi na nazi vikachanganyika. Hapo bibi mmoja wa sweta ya buluu, aliyejitambulisha kwa jina la Nerida, akanyoosha kidole mlangoni.

"Na huyu je? Hamyaoni masikio yake?"

Wote wakageuka. Clem akayashika masikio yake.

"Binamu!" Lorna akamvamia, akambana kifuani.

Alijua ni uongo. Babu kamlowesha kwenye chai kwa mikono yake mwenyewe! Lakini akalia, tena kwa sauti, kama aliyefiwa asubuhi hiyo.

"Na mzee wa watu hana hata jiwe la kaburi," Nerida akasema kwa huzuni, akafungua mkoba.

Wakachanga. Clem akamimina mauzo yote ya siku, akavua na saa ya mkononi. Kisha wakatoka nje kupiga picha ya ukoo.

"Shangazi Nerida yuko wapi?" Clem akauliza, akimtafutia nafasi ya mbele.

"Si shangazi yako?" Lorna akashangaa. "Tulidhani mmekuja wote."

Hakukuwa na Nerida, hakukuwa na mkoba.

"Tapeli!" Clem akapiga kelele. "Kumwibia marehemu! Watu hawana haya?"

"Tulia, binamu," Lorna akamshika mkono kwa upendo. "Twende polisi sasa hivi. Wewe ndiye uliyetuletea mzee, utawaeleza vizuri ulikompata."