Mwizi wa Mkia Mfupi

Jumatatu, 7 Machi 1938
Mzee Sumari, baba mkwe, kakataa tena. Eti Eunike na mtoto hawarudi kwangu mpaka nipate kazi ya kueleweka. Roho inaniuma! Lakini dawa ninayo. Mzungu anayechunguza ndege kule Momela anatafuta msaidizi anayejua tabia za yule mwekundu mwenye mkia mrefu, anayedaka inzi hewani. Kiota chake kiko kwenye kahawa yangu, juu ya mfereji! Bwana anakuja Jumamosi kukiona. Jirani yangu Anande naye anaitaka kazi hiyo. Atangoja sana.

Jumatano, 9 Machi
Nimechunguza kutwa. Mwenye mkia mrefu analalia mayai. Basi huyo ni mama. Lakini akiondoka tu, anakuja mwingine, mkia mfupi, anayakalia yeye. Mwizi! Dada yangu Tabitha kasema labda ni mume na mke, wanapokezana. Nimecheka mpaka nikakohoa. Dume gani hulalia mayai? Mimi mwenyewe sijawahi kumpakata mwanangu hata siku moja, na ni baba kamili.

Ijumaa, 11 Machi
Mwizi kapatikana. Manati, jiwe moja, chini! Nimemfunga kwenye jani la mgomba. Bwana atafurahi.

Jumamosi, 12 Machi
Aibu! Bwana kamgeuzageuza marehemu kiganjani. Kisha kasema wa mkia mrefu ndiye dume, na hawa hulalia kwa zamu. Nimemuua mke. Anande kaangua kicheko. Kazi kapewa yeye.

Jumapili, 13 Machi
Baada ya ibada nimekwenda kwa Mzee Sumari na jani la isale mkononi. Mwenye kuomba radhi kwa isale hakataliwi. Kweli, mzee kalipokea, kanisamehe, bila hata kazi! Eunike kafunga mzigo wake. Akaniomba nimpakate mtoto kidogo tu, ajitwike. Mimi? Mbele ya wakwe? Nikamwambia amweke chini. Palikuwa na tope. Eunike kanitazama, kisha kaufungua mzigo. Mama mkwe kafunga mlango.

Nimerudi peke yangu, mvua inanyesha. Jiko halina moto. Nimepita kwenye kahawa. Yule wa mkia mrefu bado yuko kiotani, kalowa chapachapa, kayafunika mayai. Tabitha kasema tangu jana hajatoka hata kula.

Bwana kakosea. Yule ni mama. Dume gani angevumilia hivyo?