Kamongo wa Nalongo

Jumanne, 16 Aprili 1996

Leo nimeiona bahati yangu kwa macho! Iko chini ya maporomoko, penye jiwe pana na kivuli. Watu wanaoteremka kutoka Mbuya kwenda Luzira wanapita hapo. Wanasimama kutazama maji. Wanatupa ndoano. Wanaona njaa. Na hakuna hata mmoja wa kuwauzia samaki wa kukaanga! Atakuwapo. Ni mimi.

Mto wenyewe ni mdogo, mwenye miguu mirefu anauruka. Maporomoko yananifika kifuani. Lakini yana kelele nzuri, na maji yanaingia ziwani karibu na bandari ya Port Bell, kwa hiyo samaki wanapanda wenyewe. Kibao nimeshakipaka rangi, na jina langu kwa herufi kubwa: MAPOROMOKO YA WANDERA.

Kuna matatizo. Ardhi ni ya Nalongo, mama mwenye nyumba wetu. Na kuna Uthman, yule jirani yetu Mnubi muuza chapati. Naye amepaona pale pale! Tumekutana mlangoni kwa Nalongo, kila mmoja akijifanya amekuja kuulizia hali ya kuku wake.

Nalongo ametusikiliza, akacheka, akasema kwa Kiganda kwamba hataki maneno mengi. Jumapili baada ya kanisa tuende mtoni na ndoano zetu. Atakayemvulia samaki wa kustahili meza yake ndiye atakayepewa mahali. (Nalongo hutumia Kiganda siku zote. Kiswahili amewawekea wezi na mbwa.)

Jumatano, 17 Aprili

Nimekwenda kufanya mazoezi. Nimevua kandambili moja na mkono wa shati langu mwenyewe. Uthman alikuwa ng'ambo. Alitupa ndoano mara moja, akatoa samaki, ngege mzuri, akanisalimia kwa adabu. Anajidai sana yule mtu!

Basi, tutumie akili. Jioni nikaenda kwa Nalongo kurudisha chekecheo ambalo sikuwa nimeliazima. Akaingia ndani kuangalia kama lake lipo. Nikabaki sebuleni, macho yanafanya kazi. Ukutani kuna picha kubwa ya samaki, ina fremu ya dhahabu na kitambaa kilichofumwa. Kamongo! Marehemu mume wake yuko chini yake, kwenye picha ndogo.

Kumbe! Nani atundike ukutani samaki asiyempenda?

Nimemweleza mke wangu, Nabangala. Akasema tangu tuhamie hapa hajamwona Nalongo akinunua kamongo hata siku moja, na kwamba pengine ningemuuliza kwanza. Nimemwambia ndiyo hivyo, maskini, ana hamu kwa sababu hapati. Kwetu Busia kamongo ni chakula cha wakwe! Nimuulize ili niharibu raha yake?

Ijumaa, 19 Aprili

Port Bell. Nimempata kamongo! Mrefu kama mguu wangu, mzima, ana hasira. Nilikuwa nimebeba sufuria kubwa ya Nabangala ya kumbebea samaki. Mama muuzaji akaipenda sufuria kuliko shilingi. Nimerudi na samaki bila sufuria. Si neno, Nabangala huitumia Krismasi tu, na Krismasi iko mbali.

Nikamfunga katika gunia bichi. Kamongo hufa kwa shida, anavuta hewa kama sisi. Anauma pia. Kidole gumba changu sasa hakiingii mfukoni.

Nilingoja Uthman aende msikitini kwa sala ya Ijumaa. Mara moja, mbio hadi mtoni! Nikamtia kwenye kidimbwi chini ya maporomoko, nikamfunga kamba laini, nikaifunga kamba kwenye mzizi. Jumapili "nitamvua" mbele ya watu wote.

Nabangala ameuliza habari za kidole. Nimesema ni mlango. Ameuliza ni mlango gani wenye meno.

Jumamosi, 20 Aprili

Nimekwenda kumwamkia kamongo wangu. Amekonda kidogo? Siwezi kumpelekea Nalongo samaki aliyekonda. Nimenunua chapati kwa Uthman, nikamkatia vipande. Anapenda! Nikarudi kununua nyingine. Uthman alifurahi mpaka akaniongeza moja ya bure.

Halafu akaniketisha kwenye benchi. Akasema jiwe ni pana, yeye akae na chapati upande huu, mimi na samaki upande ule, ugomvi wa nini? Nikacheka mpaka nikakohoa. Tugawane! Mtu mwenye kamongo agawane na mtu mwenye ngege! Nimemhurumia kwa kweli.

Usiku huu sina usingizi kwa furaha.

Jumapili, 21 Aprili

Niandike yote.

Watu walikuja moja kwa moja kutoka kanisani, wanawake na magomesi yao, wanaume na suti zao. Nalongo akaketi kwenye kiti karibu na maji. Uthman alivua ngege wawili wa wastani. Wakampigia makofi. Zamu yangu! Nikatupa ndoano, nikajifanya navutwa, nikayumba huku na huku, nikaanguka majini, na hapo sikuwa nikijifanya. Chini ya maji nikashika kamba. Nikaibuka na kamongo kifuani!

Watu wote wakarudi nyuma hatua moja.

Nikadhani ni heshima. Nikapiga magoti, nikamlaza miguuni pa Nalongo, nikatangaza kwa sauti jinsi atakavyopikwa: mchuzi wa karanga, mkia kwa wageni, kichwa kwa Nalongo mwenyewe.

Nalongo akasimama. Akafungua mdomo. Kikatoka Kiswahili.

"Wewe! Nani amekwambia kufunga ndugu yangu kamba? Mimi nakula ndugu yangu? Na unamletea karanga?"

Ukoo wake ni wa kamongo! Hawamli, hawamgusi kwa kisu. Wote ni ndugu wa damu, akasema, na ndugu hawalani wala hawaoani, tangu mababu mpaka mwisho wa dunia. Nusu ya watu waliokuwa pale ni wa ukoo huo huo. Mzee mmoja mwenye suti akaniuliza kwa upole yeye nilikuwa nimempangia kipande gani.

Nilitaka maji yanichukue mpaka ziwani.

Ndipo Nalongo akainama kumtazama ndugu yake. Hana jeraha. Amenenepa. Mdomoni ana kipande cha chapati. Akauliza nani amekuwa akimlisha. Nikasema mimi, Nalongo. Uso wake ukalegea. Akasema, kwa Kiganda sasa, bambi, maskini, angalau alipewa chakula.

Kamba ikafunguliwa. Nalongo akamsalimu kamongo salamu ndefu kabisa, akamuuliza habari za nyumbani. Kamongo akateleza majini, wanawake wakapiga vigelegele, mtu akaleta ngoma ya kanisa. Uthman akapewa mahali, akawasha moto pale pale, akakaanga ngege wake na chapati za watu wote. Nimekula kuliko wote. Nimecheza pia! Nabangala alicheka mpaka akakaa chini. Alipopata pumzi akauliza iko wapi sufuria yake.

Jumatatu, 22 Aprili

Adhabu yangu: kila asubuhi nimpelekee ndugu wa Nalongo chakula, maana amekataa kuondoka kidimbwini. Amezoea chapati. Uthman ananipa zilizoungua bila kulipa, na amenipa kona ya jiwe nikaange samaki. Nimekubali, kwa muda tu. Kibao kimesimama. MAPOROMOKO YA UTHMAN. Rangi ni yangu, kafuta jina tu.

Nimejifunza, nakiri. Mila za watu ziheshimiwe. Kamongo si chakula, ni jamaa. Sitasahau.

Ila leo nilipoketi naye nikaona kitu ambacho hakuna aliyekiona. Yuko peke yake! Ndugu wa Nalongo, mtu wa heshima zake, hana mke!

Ijumaa, Uthman akiwa msikitini, nitakwenda Port Bell. Yule mama ana kamongo jike, mnene, mtulivu. Birika la Nabangala litatosha kumlipia. Jumapili nitamleta bibi harusi mbele ya watu wote, na mshenga wa harusi kubwa namna hiyo hapewi kona ya jiwe, hupewa jiwe zima. Nabangala anasema nimuulize Nalongo kwanza. Hapana! Nitaharibu raha yake. Tena nimechagua kwa makini: wa aina yake kabisa, ukoo mmoja, hawatagombana.