Sleji ya Napatsi na Jino la Shangazi Aluki

Napatsi aliiokota sleji ya plastiki, chombo cha kuburutia mizigo juu ya theluji, jalalani, nje kidogo ya mji wa Iqaluit, kaskazini mwa Kanada, ikiwa na nyufa za kupitisha kiganja. Mtu mwenye haya angeipita. Napatsi haya zilimwisha angali ananyonya, kwa hiyo aliikokota hadi nyuma ya kibanda chake, akakoroga theluji, maji na masizi ya jiko, akaziba nyufa na kuiachia baridi kazi iliyobaki. Kulipokucha plastiki nyeusi ilikuwa nzima, inang'aa, tayari kufungwa nyuma ya pikipiki ya theluji na kubeba mzigo wowote. Wowote, yaani, mpaka jua la kuyeyusha theluji, na hilo alipanga limkute Ottawa, anaota joto na kula bila jasho.

Mtu wa kumlia alishamchagua. Ni Aluki, mjane mchongaji mawe, ambaye mwanawe alikuwa anatafuta sleji imara ya kwendea kuwinda, kule barafu inakoishia na bahari kuanza. Tena mji mzima ulijua kwamba Aluki ana jino la nyangumi, lile refu lililosokotwa kama kamba, na watu wa kusini wanalilipia vizuri.

"Shangazi, hii hata dubu aikalie haivunjiki," Napatsi alimwambia, akaapa kwa marehemu babu yake, ambaye muda huo alikuwa nyumba ya jirani anacheza karata.

Aluki akataka sleji iingizwe ndani, wanywe chai huku wakiikagua, maana hivyo ndivyo watu wanavyouziana. Napatsi akadai plastiki hii ni ya kisasa, haitaki joto. Aluki hakubisha. Alitoka na kikombe chake, akaizunguka sleji akiisifu, na chai ilipokwisha akamwaga machicha pale pale aliposimama. Yakatua juu ya ufa. Masizi yakaanza kuchuruzika. Napatsi akaikalia sleji haraka.

"Umechoka, mpwa wangu?"

"Nakuonyesha uimara, shangazi."

"Nimeuona. Njoo kesho, tubadilishane na lile jino."

Mjinga huyu, Napatsi alijisemea, na usiku huo alilala fofofo.

Kesho yake alilikuta jino limeviringishwa ndani ya ngozi ya sili, yule mnyama wa baharini, ncha tu inachungulia. Aluki alimwonya asilipeleke kwenye joto ghafla, litapasuka. Aliweke na mizigo, tumboni mwa ndege, kwenye baridi. Napatsi alicheka kimoyomoyo. Mali kama ile amwachie mpakia mizigo? Wezi wamejaa dunia hii. Akapanda nalo, akalipakata kama mtoto mchanga.

Ndege haijafika mbali, mapaja yakaanza kulowa. Alifungua ngozi. Ndani mlikuwa na maji ya maziwa ya unga yaliyotiwa chai kidogo, yakiganda yapate ile rangi ya jino la kale. Mkono uliozoea kuchonga jiwe ungeshindwaje na barafu? Mpumbavu alimuuzia barafu mwanamke aliyezaliwa juu ya barafu, tena akataka mwana wa mwenzake aende nayo baharini. Wakati huo kijana huyo alikuwa anairudisha sleji jalalani.

Mhudumu alipita na birika, akaitazama suruali iliyolowa.

"Nikumiminie chai, kaka?"

"Ninayo," Napatsi alijibu.