Amplifaya Tisa za Injinia Rifaat

Injinia Rifaat Dahshan hakuwa injinia. Hapa kwetu Kairo mtu akiweka kalamu mfukoni na miwani usoni, muuza chai atamwita injinia, na asipokataa siku tatu mfululizo cheo kinakuwa chake. Rifaat hakukataa. Kazi yake ilikuwa amplifaya za muziki wa nyumbani: alizitoa za zamani kwa watu wasiojua thamani yake, akaziuza kwa watu wasiojua kusikiliza. Katikati ya makundi hayo mawili alikuwa amepitisha miaka sita, na alikuwa amenenepa.

Asubuhi, akipanda ngazi za mtaa wa Shubra, alikuwa mtu wa vitu vipya. Aliwaambia wajane na wastaafu kwamba amplifaya ya zamani ni jiko la umeme lililojifunza kuimba, na kwamba kwa huruma yake angewabadilishia: yeye achukue hilo dude, wao wabaki na mpya, nyepesi, ya plastiki safi, yenye rimoti. Jioni, akiwa Zamalek kwa matajiri, alikuwa mtu wa vitu vya kale. Huko mpya haikuwa na roho, na ya zamani ilikuwa na joto, kina na huzuni. Neno huzuni peke yake lilimwongezea paundi elfu tano.

Na wote walisadiki, kwa sababu aliwafanyia jaribio. Santuri moja, spika zilezile, amplifaya mbili. Siri yote ilikuwa kwenye kidude cha kuzungusha sauti. Sikio la binadamu, liwe la profesa au la muuza vitunguu, litaipenda ile iliyo juu kidogo na halitajua kwa nini limeipenda. Asubuhi mpya ilikuwa juu kwa upana wa ukucha. Jioni ya zamani. Rifaat mwenyewe sikio la kushoto liliharibiwa na homa utotoni, na la kulia lilikuwa la kumsikia mkewe tu. Ukimwacha peke yake hawezi kutofautisha amplifaya na sufuria ya mchuzi wa mulukhiya.

Basi siku moja Bekhit, bawabu wa jengo moja pale Shubra, alimnong'oneza wakiwa ngazini.

"Ghorofa ya nne, Injinia. Mjane wa fundi wa redio. Ana dude la Kijapani la mwaka sabini na nne, uso wa fedha, mbao ubavuni. Zito, mimi na binamu yangu tulilipandisha tukalala siku mbili."

Rifaat alishika ukuta. Kwenye stoo ya shemeji yake alikuwa na amplifaya nane. Mnunuzi kutoka Ghuba alizitaka zote Jumamosi ile, ila kwa sharti la ya tisa, na ya tisa iwe hiyohiyo ya uso wa fedha. Zikitimia, Rifaat angelipa kilemba cha kupangia duka mtaa wa Abdulaziz, na magoti yake yasingepanda ngazi ya mtu tena maishani. Magoti yalikuwa yamekwisha, na hilo halikuwa uongo.

Bi Inshirah alimfungulia mlango, akampa chai, akamwonyesha.

"Aliinunua mwaka tuliooana," alisema. "Mimi alinipa pete, yeye akajipa hiyo."

"Mungu amrehemu. Inakula umeme wa friji mbili, mama. Na kuhusu moto, kuna familia moja kule Imbaba..."

"Kuna nini?"

"Tuyaache. Si mazungumzo ya nyumba nzuri kama hii."

Akaweka santuri, wimbo mmoja wa zamani wa saa nzima na dakika nane. Dakika mbili kwa amplifaya ya marehemu, dakika mbili kwa mpya, ukucha juu.

"Ipi tamu, mama? Sema ukweli wako."

"Ya pili," Bi Inshirah alikiri kwa shingo upande. "Lakini hukumaliza wimbo."

"Wimbo wenyewe saa nzima, mama."

"Ndiyo. Marehemu hakuwahi kuukata. Rafiki zake huja kila Alhamisi mpaka leo, na kwao mtu hainuki mpaka uishe, hata apigiwe simu ya msiba."

"Mpya ina rimoti. Utaukata ukiwa umelala."

Bi Inshirah alilitazama lile dude muda mrefu, kisha akalifuta vumbi kwa pembe ya mtandio wake, uso wote na mbao zote, kama anayemwosha mtoto kabla ya safari. Alikuwa anaogopa moto. Akasema lichukuliwe upesi, kabla hajabadili nia. Rifaat na Bekhit wakalibeba, na Injinia alipofika chini alikuwa ameshamsahau mama wa watu.

Alhamisi iliyofuata, kabla ya adhuhuri, simu yake iliita.

"Naitwa Daktari Lamlum, wa meno, Misr al-Jadida. Nasikia una amplifaya za zamani. Mimi na wenzangu tunataka kununua."

"Ngapi, daktari?"

"Una ngapi?"

"Tisa. Lakini zina mwenyewe, keshokutwa."

"Mwenyewe anatoa bei gani?"

Rifaat akataja bei, na kwa mazoea akaiongeza mara moja na nusu.

"Tutatoa mara mbili ya hiyo," alisema daktari. "Njoo nazo zote leo baada ya alasiri. Ila wenzangu ni wasikilizaji, Injinia. Hawanunui kwa mtu asiyejua kusikiliza."

"Daktari, mimi nimezaliwa katikati ya spika mbili," alisema Rifaat, kisha akaihamishia simu kwenye sikio zima.

Alipakia zote tisa kwenye kigari chake cha mizigo. Mtaa wa daktari ulikuwa umejaa, akapaki safu ya pili na kumwachia ufunguo mlinzi wa magari, amsogezee akihitajika. Sote tunafanya hivyo. Asiyeacha ufunguo hupigiwa honi na kutukaniwa ukoo mpaka anarudi. Kisha akapanda na dude la uso wa fedha, ngazi tatu pumzi moja, na mpya moja kwapani ya kulinganishia.

Sebuleni walikuwepo watu watatu. Daktari mwenyewe, mrefu na mpole. Ustaadhi Kamil, mwalimu mstaafu wa jiografia, kilo mia na kumi. Na mzee mkavu aliyeitwa Haji Mitwalli, aliyekaa karibu kabisa na mitambo, akasalimia kwa kichwa na kutoa kitambaa cha kufutia miwani. Walimkalisha Rifaat kwenye kochi kati ya daktari na Kamil, akazama mpaka makalio yakawa chini kuliko magoti.

"Upande wa kwanza kwa ya zamani," alieleza Rifaat, akiwa ameshaipandisha ukucha. "Upande wa pili kwa mpya. Masikio yenu ndiyo hakimu."

Santuri ya daktari ilikuwa wimbo mrefu wa zamani, naye alikuwa amepanga dakika mbili mbili. Zilipokwisha akafanya kuinuka. Daktari akamwekea mkono gotini.

"Unatoka, Injinia?"

"Nilitaka tu kubadili..."

"Mwimbaji bado hajaanza hata kumlaumu mpenzi wake," alisema Kamil, na sauti yake tayari ilikuwa na machozi.

Rifaat akakaa. Akafumba macho na kutikisa kichwa, maana alishaona wajuzi wakifanya hivyo. Shida ilikuwa kwamba wale walikuwa wajuzi kwelikweli. Mstari ukiwakuna, Kamil husema "Rudisha," na Haji Mitwalli huinua sindano na kuurudisha. Mstari wa dirisha ulirudishwa mara nne. Mstari wa barua ulirudishwa mara saba, na mara ya saba Kamil alimlalia Rifaat begani akalia bila haya, shati likalowa. Saa ya kwanza ikapita na upande wa kwanza haujaisha.

Hapo ndipo sikio lake la kulia lilipookota kitu kutoka barabarani. Mlango wa kigari, ule wa kusukuma, una kelele yake. Ulilia ukifunguka. Halafu kimya, halafu miguu mingi, halafu mtu akasema taratibu, taratibu.

Akajaribu kujichomoa.

"Injinia," daktari alisema kwa midomo tu, bila sauti. Haji Mitwalli akageuka akamtazama. Hata Kamil akanyanyua uso uliolowa.

Rifaat akapiga hesabu. Akiinuka sasa, si msikilizaji, na mara mbili ya bei imekwenda. Chini kuna mlinzi. Labda wanasogeza gari tu. Labda ni kigari cha mtu mwingine chenye mlango mbovu uleule. Milango mibovu si adimu hapa. Akakaa. Naomba ieleweke kwamba hakuna aliyemfunga kamba. Mlango wa kutokea ulikuwa hatua sita na haukuwa na kufuli. Alibaki kwa tamaa yake mwenyewe, akitikisa kichwa kwa utamu.

Santuri ilipogeuzwa aliletewa keki ya basbusa. Aliinama kuipokea, na Haji Mitwalli, aliyekuwa amefanya kazi miaka thelathini na mitano kwenye chumba cha mitambo cha redio pamoja na mume wa Bi Inshirah, akanyoosha vidole viwili kwenye mpya na kuzungusha kidude cha sauti juu kwa ukucha. Kisha akaongeza nusu ukucha, kwa heshima ya marehemu.

Saa mbili na dakika arobaini tangu waanze, wimbo uliisha.

"Mimi nasema mpya," alisema Kamil.

"Mpya," alisema daktari.

"Mpya, bila shaka yoyote," alisema Haji Mitwalli, akavaa miwani yake.

Rifaat alikitazama kidude cha sauti cha ile mpya. Kilikuwa kimehama. Alijua kimehama, na alijua kwamba mtu anayejua hivyo lazima awe mtu anayejua kilikuwa kimewekwa wapi na kwa nini.

Bi Inshirah akatoka jikoni na sinia la kahawa.

"Karibu, Injinia," alisema. "Uliniambia mpya ni bora, nikajutia kuitoa ya marehemu usiku kucha. Mimi mwanamke mbishi. Leo wazee hawa, rafiki za marehemu, wamesema kama wewe, na hawa hawadanganyi kwa mambo ya muziki. Sasa naona haya kukudhulumu. Mpya uliyoniachia iko hapo mlangoni, chukua. Mimi nitavumilia na hii kuukuu."

"Mama, biashara haiendi hivyo."

"Yako ilikwenda hivyohivyo," alisema daktari. "Kunywa kahawa."

Hakunywa. Alishuka ngazi kwa magoti yale yale, mpya mbili kwapani, ya kulinganishia na ya Bi Inshirah, na chini akamkuta Bekhit amekaa kwenye kiti cha mlinzi wa magari. Mlinzi wa magari alikuwa binamu yake. Mabawabu wa jengo la Helwan, la Abbasiya, la Rod al-Faraj, kote ambako Rifaat alipita na jaribio lake, walikuwa binamu pia. Wote wanatoka kijiji kimoja cha Saidi, kusini mwa Misri, na simu moja ya Bekhit, kwa ombi la Bi Inshirah, ilikuwa imewatosha.

"Gari tumelitunza vizuri," alisema Bekhit, akampa ufunguo. "Hakuna aliyekuibia, Injinia. Wenyewe walikuja, familia nane, kila mtu akachukua ya kwake akakuwekea ya kwako."

Ndani ya kigari, kwa mpangilio wa kupendeza, zilikaa amplifaya nane za plastiki. Rimoti zilikuwa bado kwenye nailoni.

Rifaat alikwenda polisi. Mimi nisingekwenda, lakini mtu aliyepoteza duka hana hata akili ya kuazima. Afande wa zamu alikuwa anakula mkate wa bajia za taamiya, akasukuma karatasi mbele yake.

"Umeibiwa nini?"

"Amplifaya tisa, afande."

"Za namna gani?"

"Za zamani. Za miaka ya sabini."

"Na wezi wakaacha nini?"

Rifaat akajikuna shavu. "Tisa mpya."

Afande akaacha kutafuna. Alimwita mwenzake wa chumba cha pili aje, akamwomba Rifaat arudie, na Rifaat akarudia. Mwenzake akauliza kama wezi hao wana mpango wa kupita mtaa wa Ain Shams, maana kwake kuna friji kuukuu.

"Sikiliza, mzee," alisema afande, akifuta vidole. "Mimi si mtu wa muziki. Nahitaji kitu kimoja tu cha kuandika. Ukisema ya zamani ni bora, hii ni kesi. Nitawaita hao watu tisa, waje waeleze walikupaje wewe mali bora na uliwaambia nini siku hiyo. Ukisema mpya ni bora, umepata faida, nenda nyumbani. Ipi?"

"Inategemea, afande."

"Inategemea nini?"

Miaka sita swali hilo lilikuwa limempa mkate, na katika miaka hiyo yote alikuwa hajawahi kulijibu mara moja tu. Alimtazama afande. Akamtazama mwenzake. Hakukuwa na kidude cha kuzungusha popote pale mezani.

"Unasubiri kitu?" aliuliza afande.

Injinia Rifaat akatoa kalamu mfukoni, ile iliyompa cheo, akaandika kwa mwandiko mdogo kwamba mpya ni bora, hana malalamiko. Afande akaisoma, akaigonga muhuri, akampa nakala.

"Na uache mpya moja hapo mlangoni ukitoka," alisema. "Umenishawishi."